Kubadilisha sailensa za pikipiki ya zamani

Kubadilisha sailensa za pikipiki ya zamani ni kazi ya ufundi ya kuondoa sailensa zilizooza, kutoboka au kuziba na kufunga nyingine mahali pake. Sailensa (pia: mafla au kizuia sauti) ni sehemu ya nyuma ya ekzosi, yaani mfumo wa mabomba unaotoa moshi wa injini. Pikipiki ya silinda moja kwa kawaida ina sailensa moja. Pikipiki nyingi za zamani zenye silinda mbili au nne zina sailensa mbili, na baadhi zina nne.

Kazi hii huonekana rahisi kwa sababu sailensa hushikiliwa na nati chache tu. Lakini kwenye pikipiki ya miaka 30 au zaidi, nati hizo huwa zimeshikana kwa kutu na joto, na zikilazimishwa zinaweza kuharibu kichwa cha silinda. Aidha, sailensa hufanya zaidi ya kupunguza kelele, kwa kuwa injini na kabureta vilipangwa kufanya kazi pamoja nayo. Sailensa isiyofaa hubadilisha uwiano wa hewa na petroli ndani ya injini.

## Kazi ya sailensa

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya kutolea moshi ya kila silinda hufunguka mara 50 kwa sekunde. Kila inapofunguka, moshi wenye joto na shinikizo kubwa hutoka kwa ghafla na kutuma wimbi la shinikizo ndani ya bomba. Mfululizo wa mawimbi hayo yakifika hewani ndio mlio wa injini.

Kuna njia kuu mbili za kupunguza mlio huo:

* Sailensa ya vyumba imegawanywa ndani kwa kuta za bati zenye matundu na vipande vifupi vya bomba. Mawimbi hugonga kuta hizo, hurudi nyuma na kupunguzana nguvu. Pikipiki nyingi za kiwandani hutumia aina hii.
* Sailensa ya kufyonza ina bomba moja lililonyooka lenye matundu mengi. Bomba hilo huzungukwa na sufi ya kioo au nyuzi nyingine zinazostahimili joto, na nyuzi hizo ndizo zinazomeza sauti.

Mara nyingi mafundi husema kwamba injini "inahitaji kusukumwa nyuma" na moshi ili iwe na nguvu. Maelezo hayo si sahihi kabisa. Injini haifaidiki na kizuizi chenyewe. Kinachoisaidia ni mawimbi ya ndani ya bomba. Wimbi linapofika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi kuelekea injini likiwa na shinikizo dogo. Likifika wakati valvu ya moshi na valvu ya hewa zote ziko wazi kidogo, husaidia kuvuta moshi uliobaki na kuingiza mchanganyiko mpya. Urefu wa bomba, upana wake na umbo la sailensa ndivyo vinavyoamua wimbi hilo litarudi lini. Kwa sababu hiyo sailensa mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuipa injini nguvu tofauti.

## Historia

Pikipiki ya kwanza ya petroli ilitengenezwa na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach nchini Ujerumani mwaka 1885. Mwaka 1897 ndugu Milton na Marshall Reeves wa Columbus, Indiana, nchini Marekani, walipata hataza ya sailensa ya injini. Katika karne ya 20 sailensa ikawa sehemu ya kawaida ya kila pikipiki ya barabarani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sailensa zilizopakwa kromi zikawa sehemu ya urembo wa pikipiki. Triumph Bonneville T120 ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 649, ilikuwa na silinda mbili na sailensa moja kila upande. Honda CB750, iliyooneshwa Tokyo mwaka 1968 na kuanza kuuzwa mwaka 1969, ilikuwa na silinda nne na sailensa nne, mbili kila upande. Sailensa hizo nne zikawa alama ya kuitambua pikipiki hiyo. Mwaka 1975 Honda ilitoa pia CB750F, ambayo mabomba yake manne yaliungana na kuingia katika sailensa moja.

## Sababu za kuharibika

Adui mkubwa wa sailensa ni maji yanayotoka ndani ya injini yenyewe. Petroli inapoungua hutoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Lita moja ya petroli huzalisha takriban lita moja ya maji. Sailensa ikiwa na joto la kutosha, mvuke huo hutoka pamoja na moshi. Lakini injini ikiwashwa kwa dakika chache na kuzimwa, sailensa hubaki baridi na mvuke hugeuka matone ndani yake. Matone hayo huchanganyika na masizi na gesi nyingine za moshi, yakawa na asidi kidogo, kisha hula bati kutoka ndani.

Ndiyo maana pikipiki inayosafiri safari ndefu kila siku inaweza kudumu na sailensa zake kuliko ile inayohifadhiwa na kuwashwa kwa muda mfupi mara moja kwa wiki. Ndiyo maana pia sailensa inaweza kung'aa kwa nje huku kuta zake za ndani zimeshaoza. Sailensa nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini cha kutolea maji. Kikiziba kwa matope au masizi, uozo huongezeka kasi.

Sababu nyingine ni mtetemo unaopasua maungio ya kuchomelea, mipira ya kushikilia iliyokauka, kuanguka kwa pikipiki, na chumvi ya hewa ya pwani au ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi katika nchi za kaskazini.

## Dalili

Sailensa inayohitaji kubadilishwa huonesha dalili kama hizi:

* mlio umeongezeka au umebadilika, hasa upande mmoja;
* kitu kinagongagonga ndani sailensa inapotikiswa, ishara kwamba ukuta wa ndani umekatika;
* injini inapasuapasua moshi dereva anapoachia mafuta;
* pana alama nyeusi za masizi kwenye maungio;
* kutu inabonyea ikigongwa polepole kwa mpini wa bisibisi;
* injini inakosa nguvu kwenye mwendo mkubwa, ishara kwamba njia imeziba.

Kupasuapasua kwa moshi hakuthibitishi kwamba sailensa ni mbovu. Mara nyingi husababishwa na gasketi iliyochakaa pale bomba linapoungana na kichwa cha silinda. Hewa ya nje huingia hapo na kuwasha petroli iliyobaki ndani ya bomba. Fundi huanza kukagua mahali hapo kabla ya mwenye pikipiki kununua sailensa mpya.

## Kuchagua sailensa mbadala

Mwenye pikipiki ya zamani huwa na njia nne.

Sailensa za asili ni zile zilizotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya pikipiki hiyo. Hukaa sawasawa na kabureta haihitaji kubadilishwa. Kwa pikipiki zilizoacha kutengenezwa, hupatikana kwa shida na bei yake huwa kubwa. Wakusanyaji wa pikipiki kama Honda CB750 huangalia alama zilizogongwa kwenye bati la sailensa, kwa sababu pikipiki yenye sailensa zake za asili huwa na thamani zaidi. Kwa hiyo sailensa za asili zilizoharibika hazitupwi hovyo, kwani baadhi zinaweza kukatwa, kuwekewa kuta mpya za ndani na kupakwa kromi upya.

Nakala hufanana na za asili kwa nje. Ubora wake hutofautiana sana. Nyingine zina kuta za ndani zilezile, nyingine zina bomba tupu lenye matundu machache.

Sailensa za matumizi mengi hazikutengenezwa kwa aina moja ya pikipiki. Kabla ya kununua, hupimwa kipenyo cha nje cha bomba, kipenyo cha ndani cha mdomo wa sailensa, urefu, na mahali pa kushikilia. Tofauti ya milimita moja au mbili huzibwa kwa kola ya chuma, lakini tofauti kubwa huleta uvujaji.

Sailensa za kuchomelewa hutengenezwa au kukarabatiwa na fundi wa karakana. Afrika Mashariki njia hii hutumika sana kwa pikipiki za kazi. Hufaa ikiwa bati lililobaki ni zima na kuta za ndani zinarudishwa. Kiraka kilichochomelewa juu ya bati lililooza hakidumu, kwa kuwa uozo unaendelea kutoka ndani.

Kwenye pikipiki yenye sailensa mbili au zaidi, inashauriwa kubadilisha zote kwa pamoja. Silinda moja ikipumua kwa urahisi kuliko nyingine, kabureta haziwezi kusawazishwa vizuri, na silinda moja hupata joto kuliko mwenzake.

## Hatua za kazi

### Kufungua

Kazi huanza siku kadhaa kabla ya kushika spana. Nati zote husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hupakwa mafuta ya kulainisha kutu kila siku kwa siku mbili au tatu. Sehemu zinazoshikilia bomba kwenye kichwa cha silinda ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani, bomba hushikwa na flenji yenye nati mbili zinazokaa kwenye stadi, yaani skurubu zisizo na kichwa zilizozama ndani ya alumini. Stadi ikikatika, mabaki yake hutobolewa kwa drili, na mara nyingine uzi mpya hukatwa kwenye kichwa cha silinda.

Ili kuepuka hayo, nati haifunguliwi kwa nguvu mfululizo. Hukazwa kidogo sana kwanza ili kuvunja kutu, hulegezwa robo mzunguko, hurudishwa, kisha hulegezwa tena. Ikikataa, hupashwa joto. Petroli na mafuta ya kulainisha kutu hushika moto, hivyo tangi huondolewa na mafuta hufutwa kabla ya moto kusogezwa karibu.

BMW za silinda mbili zilizopozwa kwa hewa, zikiwemo za mfululizo wa /5 ulioanza mwaka 1969, ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Bomba la kila upande hushikwa na nati kubwa yenye mapezi, inayofungwa kwenye uzi uliokatwa katika alumini ya kichwa cha silinda. Nati hiyo ikiachwa miaka mingi hushikana na uzi, na anayeilazimisha huing'oa pamoja na uzi huo. Mafundi wazoefu huchagua kuikata nati kwa msumeno au grenda, wakiacha unene mdogo usiogusa uzi, kisha kuipasua kwa patasi. Nati mpya ni rahisi kuliko kukarabati kichwa cha silinda.

Baada ya flenji au nati za mbele kuachia, hufunguliwa kibanio kinachounganisha bomba na sailensa, halafu bolti za kushikilia sailensa kwenye fremu. Sailensa iliyoshikana na bomba haivutwi moja kwa moja, bali huzungushwa kushoto na kulia huku ikivutwa. Sailensa nzee isiyohitajika tena inaweza kupasuliwa kwa msumeno kwa urefu wa mdomo wake ili bomba lisalimike.

### Kufunga

Gasketi za zamani hazirudishwi. Nyingi ni pete za shaba au za bati laini zinazobonyea mara moja tu zinapokazwa. Gasketi ya zamani mara nyingi hubaki imeganda ndani ya tundu na kuonekana kama sehemu ya kichwa cha silinda. Ikisahaulika na mpya ikawekwa juu yake, bomba halitakaa sawa. Baadhi ya gasketi za miongo iliyopita zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta magonjwa ya mapafu na saratani. Kwa hiyo gasketi ya aina hiyo hulowanishwa kabla ya kutolewa, wala haisuguliwi ikiwa kavu.

Mfumo wote hupachikwa kwanza bila kukazwa:

1. Gasketi mpya huwekwa kwenye tundu la moshi. Inaweza kushikizwa kwa grisi kidogo isianguke.
2. Bomba huingizwa na nati zake hufungwa kwa vidole tu.
3. Sailensa huvishwa kwenye bomba pamoja na kibanio chake.
4. Bolti za fremu hupachikwa zikiwa zimelegea, pamoja na mipira mipya.
5. Nati za kichwa cha silinda hukazwa kwanza, kwa zamu na kidogo kidogo ili flenji isikae upande.
6. Hufuata bolti za fremu, na mwisho kibanio.

Utaratibu huu una sababu. Sailensa ikikazwa kwenye fremu kwanza, bomba hulazimishwa kuifuata, na msukumo huo hubaki kwenye stadi na kwenye maungio. Mtetemo ukiongezeka, mahali hapo ndipo panapopasuka.

Uzi wa stadi na bolti hupakwa grisi maalumu ya joto kali ili zifunguke siku nyingine. Kabla ya kuwasha injini, kromi hufutwa kwa kitambaa safi, kwani alama za vidole zenye mafuta huungua na kubaki juu yake.

### Kukagua

Injini huwashwa nje, mahali penye hewa. Moshi mwepesi juu ya sailensa mpya kwa dakika za kwanza ni wa kawaida, kwa kuwa mafuta ya kiwandani huungua. Uvujaji hutafutwa injini ikiwa bado ya baridi. Matone ya maji ya sabuni huwekwa kwenye maungio, na mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Injini ikishapoa kabisa, nati hukazwa tena, kwa sababu gasketi mpya hubonyea zaidi baada ya kupata joto. Hukaguliwa mara nyingine baada ya safari ya kwanza.

## Sailensa na kabureta

Pikipiki za zamani hutumia kabureta, ambayo haina kompyuta ya kurekebisha kiasi cha petroli. Sailensa mpya ikipitisha moshi kwa urahisi kuliko ya zamani, hewa nyingi zaidi huingia kwenye injini na mchanganyiko unaweza kuwa mwepesi, yaani wenye petroli pungufu. Injini hupata joto kupita kiasi, na hali hiyo ikiendelea valvu na pistoni zinaweza kuungua.

Dalili huonekana kwenye plagi. Rangi ya kahawia isiyokolea huonesha mchanganyiko mzuri, rangi nyeupe huonesha upungufu wa petroli, na rangi nyeusi yenye masizi huonesha petroli imezidi. Ikiwa plagi ni nyeupe baada ya kubadilisha sailensa, hufungwa jeti kubwa kidogo kwenye kabureta na plagi hukaguliwa tena.

## Injini za mipigo miwili

Kwenye injini za mipigo miwili, oili huungua pamoja na petroli, hivyo sailensa huziba kwa kaboni yenye mafuta kabla ya kuoza. Mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Bomba la ndani hutolewa na kusafishwa kwa brashi na dawa ya kuyeyusha kaboni.

Umbo la ekzosi lina umuhimu mkubwa zaidi katika injini hizi, kwa kuwa hazina valvu ya kuzuia mchanganyiko mpya usitoke pamoja na moshi. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ huko Ujerumani Mashariki aliendeleza bomba lenye tumbo pana, ambalo wimbi lake hurudisha mchanganyiko ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Kwa sababu hiyo kukata au kubadilisha ekzosi ya injini ya mipigo miwili bila vipimo kwa kawaida hupunguza nguvu zake.

## Kutoboa sailensa na sheria

Baadhi ya waendesha pikipiki huondoa kuta za ndani za sailensa ili mlio uwe mkubwa. Mlio mkubwa huwafanya wengi wadhani nguvu imeongezeka. Kwa injini ndogo yenye kabureta isiyorekebishwa, matokeo ya kawaida ni petroli pungufu, joto zaidi na kelele kwa majirani. Anayeumia kwanza ni dereva mwenyewe, hasa wa bodaboda, anayekaa karibu na mlio huo kutwa nzima. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huchukuliwa na wataalamu wa afya kazini kuwa kikomo, kwani zaidi ya hapo usikivu unaweza kupotea polepole na haurudi.

Nchini Marekani, pikipiki mpya za barabarani ziliwekewa kikomo cha desibeli 83 kuanzia toleo la mwaka 1983 na desibeli 80 kuanzia toleo la mwaka 1986. Sailensa zake hugongwa alama ya kuthibitisha hilo. Barani Ulaya sailensa mbadala zilizoidhinishwa huwa na alama ya herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha. Nchini Kenya kelele zilizopita kiasi hudhibitiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2009, na nchini Tanzania na kanuni za mwaka 2015.

## Usalama

* Injini haiwashwi ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.
* Sailensa huachwa ipoe kabisa kabla ya kuguswa.
* Sailensa huondolewa kwenye pikipiki kabla ya kuchomelewa, ili kulinda tangi la petroli na mfumo wa umeme.
* Bomba la maji lililopakwa zinki halifai kutengenezea ekzosi bila kuondolewa zinki. Moshi wake wakati wa kuchomelea husababisha homa na maumivu ya kifua. Kromi nayo husuguliwa kwanza, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

## Utunzaji

Sailensa hudumu zaidi pikipiki ikiendeshwa hadi ipate joto kamili kila inapowashwa. Kitundu cha maji huzibuliwa kwa waya mwembamba. Pikipiki inayohifadhiwa kwa muda mrefu huzibwa mdomo wa sailensa kwa kitambaa baada ya kupoa na kukauka, na kitambaa hicho hutolewa kabla ya kuiwasha tena.

## Tazama pia

* Pikipiki
* Injini mwako ndani
* Kabureta
* Bodaboda
* Uchafuzi wa kelele